Shangazi, zimebaki wiki tatu na usingizi umenikimbia

"Shangazi, salamu nyingi kutoka Umoja. Nina miaka 27. Nilizaliwa nikaandikwa msichana, lakini mimi ni mwanamume, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze sindano za testosteroni. Nimeweka akiba mpaka nikapata daktari hapa Nairobi atakayenifanyia upasuaji wa kifua, wa kuondoa matiti. Zimebaki wiki tatu. Sasa kila usiku naota nimelala kwenye meza ile na siamki. Au hofu hii ni Mungu ananizuia? Nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Nimeomba likizo ya siku kumi nikasema naenda ushago. Anayejua ukweli ni rafiki mmoja tu, tulisoma naye chuo. Mama yuko Kitale, hunipigia kila Jumapili, hajui lolote. Nitaenda peke yangu, nitarudi peke yangu, nijifungie chumbani kwangu orofa ya nne mpaka nipone. Ninachotaka, Shangazi, ni kuvaa fulana nyeupe, moja tu, bila binda ya kubana kifua chini yake, jua la Januari likiwaka, nitembee kutoka steji mpaka kazini bila kuinamisha mabega. Nikifikiria hilo nalia. — Mwenye Hofu, Umoja"

Mwanangu, hiyo fulana nyeupe imenijibia swali lako kuhusu Mungu. Mtu mwenye shaka na jambo lenyewe huandika kuhusu jambo lenyewe: kwamba hajui kama analitaka, kwamba kuna aliyemsukuma. Wewe hukuandika hivyo hata mstari mmoja. Unaogopa meza na dawa ya usingizi. Wanaokwenda kutolewa kidole tumbo au kutengenezwa goti huogopa vivyo hivyo, na sijasikia mchungaji akiwaambia warudi nyumbani kwa sababu Mungu anawazuia. Kama kinachokukereketa ni majuto, mwaka 2021 watafiti walikusanya pamoja tafiti 27 za watu karibu 8,000 waliofanyiwa upasuaji wa kuthibitisha jinsia, wakakuta waliojuta ni kama asilimia 1. Hata hivyo ukiamka siku moja kabla na moyo umegeuka kabisa, una haki ya kuahirisha. Tarehe hupangwa upya.

Tuje kwenye ndoto yako. Katika nchi zenye vifaa kamili, mtu mwenye afya kufa kwa sababu ya nusukaputi yenyewe hutokea kama mara 1 kwa kila watu 100,000. Sitakudanganya kwamba kila hospitali yetu imefika huko. Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba kuonana na yule atakayekulaza usingizi, si daktari wa kisu pekee. Muulize kama ni mtaalamu wa nusukaputi, kama atakaa nawe chumbani mwanzo hadi mwisho, na kama jengo hilohilo lina chumba cha wagonjwa mahututi. Naye akikuuliza, usimfiche kitu: pumu, mzio, ndugu aliyewahi kupata shida chini ya nusukaputi, sindano zako, bangi, na miraa pia, maana miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo. Sigara iache leo, usingoje wiki ya mwisho. Inabana mishipa ya damu, na chuchu zikitolewa na kupandikizwa upya zinahitaji kila tone la damu zinaloweza kupata. Akikwambia usile kuanzia saa fulani, hata andazi moja la asubuhi linahesabika.

Hayo yana majibu. Kinachonitisha mimi ni mpango wako wa kujifungia.

Hebu fikiria orofa ya nne. Umoja maji hayaji kila siku, nawe unajua mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Baada ya upasuaji huu, wengi huambiwa wasinyanyue chochote kizito kuliko birika la chai kwa wiki kadhaa, wala wasiinue viwiko juu ya mabega. Nani atapandisha maji? Nani atafikisha mkono kwenye rafu ya juu ulikoweka unga? Madaktari wengi huacha mrija mwembamba kila upande wa kutoa damu na majimaji, hukaa takriban wiki moja, na lazima kila siku umwagwe na mililita ziandikwe. Dawa kali za maumivu hulevya, na nyingi hufunga choo, kwa hiyo unahitaji maji ya kunywa, papai na mboga. Mama mboga wa chini atakukatia sukuma wiki, lakini hatakupandishia ngazi mara tatu kwa siku bila kuuliza unaumwa nini, na ukishamjibu yeye umeijibu ploti nzima.

Mpigie huyo rafiki wa chuo. Usimwombe "msaada" kwa jumla, watu hukubali kwa jumla halafu hawaji. Mwombe aje siku ya upasuaji, akurudishe kwa teksi, alale kwako wiki ya kwanza. Pikipiki sahau kabisa, na matatu pia, matuta ya barabara zetu yatakulilisha. Abebe mto mdogo wa kuweka kati ya mkanda wa gari na kifua. Nyumbani, kabla hujaondoka, shusha vitu vyote unavyotumia viwe usawa wa kiuno, na ununue mashati mawili ya vifungo mbele kutoka Gikomba, kwa sababu hutaweza kuvaa kitu cha kupitisha kichwani. Utalala chali, umeinuliwa na mito, na utaichoka hali hiyo kufikia usiku wa pili.

Kisha kuna huzuni, na hii ndiyo sababu hasa sitaki uwe peke yako. Kati ya siku ya tatu na wiki ya pili watu wengi hulia bila kujua wanalilia nini. Dawa zinatoka mwilini, hujaoga vizuri, kifua kimevimba na kupiga weusi, chuchu zina gaga jeusi utadhani zimeoza. Hapo wazo la "nimejifanyia nini?" huja hata kwa aliyengoja miaka kumi. Usiliamini wiki hiyo. Kwa wengi huondoka pamoja na uvimbe. Likikaa zaidi ya wiki mbili, au likaanza kukushauri ujidhuru, mwambie daktari na rafiki yako siku hiyohiyo, au wapigie Befrienders Kenya, shirika linalosikiliza watu wenye mawazo ya kujiua. Ganzi ya kifua inaweza kudumu miezi, kwa wengine haiishi kabisa. Makovu huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Na utavalishwa fulana ya kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Najua, unatoka kwenye binda unaingia kwenye binda nyingine, lakini hii ina tarehe ya kuvuliwa.

Upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza, ukipata homa, usaha au wekundu unaosambaa, rudi kwa daktari saa hiyohiyo. Usiende kemisti kununua antibiotiki ya kubahatisha. Pumzi ikikatika au shavu la mguu likiuma na kuvimba, nenda hospitali yoyote iliyo karibu na useme wazi umepasuliwa nini na lini. Aibu ya dakika tano pale mapokezi utaisahau.

Nikirudi kwenye hizo siku kumi zako. Mfuko wa saruji ni kilo 50, mwanangu! Ukirudi dukani siku ya kumi na moja utafungua mshono. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, na ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, likizo ya ugonjwa ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Mwombe aandike kwamba umefanyiwa upasuaji na hupaswi kubeba mizigo kwa wiki sita, basi. Mwajiri wako hahitaji kusoma zaidi ya hapo. Ukirudi, omba ukae kaunta.

Kitambulisho chako bado kina jina la zamani, na upasuaji hautakibadilisha. Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2014 ikaamuru jina kwenye cheti chake cha mtihani libadilishwe. Kwa hiyo mapema, mwambie muuguzi jina la kukuita pale mapokezi, na uulize utalazwa wodi gani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, una haki ya kudai faili lako lisitembee ovyo. Penye jina la mtu wa kupigiwa simu, andika rafiki yako.

Mama yako usimwambie usiku wa kuamkia upasuaji. Una miaka 27, sahihi inayotakiwa ni yako, na habari kama hiyo inahitaji siku ambayo nyinyi wawili mnaweza kukaa na kukasirikiana bila mmoja kuwa na mrija kifuani. Ila usimwachie simu iliyozimwa, atapanda basi la Kitale usiku huohuo. Jumapili hiyo mpigie wewe kwanza, asubuhi, kabla ya kumeza zile dawa kali, usije ukalewa ukamsimulia yote.