Maswali ya Wasomaji: Hasira Nisiyoitaja Imeonekanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliandika insha kuhusu dinosaria aliyefukuliwa Tendaguru, yule ambaye hapa Lindi tunamwita mjusi mkubwa, na ambaye mifupa yake imo katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mwalimu wangu alisema insha imejaa hasira, ilhali neno hilo sikuliandika hata mara moja. Ameiona wapi, nami niifiche vipi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Ndugu msomaji, insha uliyoniletea nimeisoma, na mwalimu wako hakukosea. Hasira imo katika vitenzi na ngeli. Pale ambapo mwingine angeandika kuwa mifupa "ilipelekwa" Ujerumani, wewe umeandika "ilisombwa", na wataalamu waliochimba kati ya 1909 na 1913 umewaita "vijitu", neno ambalo halihitaji tusi jingine.

Hata hivyo, usidhani kuwa anayeandika "ilipelekwa" hana upande. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na watenda hapa ni mamia ya vibarua na wapagazi waliobeba zaidi ya tani 200 za mizigo, kwa mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mwandishi anayewataja Janensch na Hennig, wataalamu wa Kijerumani walioongoza uchimbaji, kwa majina, kisha akasema tu kwamba "wenyeji walisaidia", amekwisha kutuonyesha anayemthamini. Anayemtaja pia Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua, ametuonyesha jambo jingine, tena bila kupaza sauti. Pa kuanzia napo panasema. Ukianzia 1909, hiyo ni habari ya sayansi. Ukianzia 1905, Vita vya Majimaji vilipozuka katika milima ya Matumbi mkoani humo humo, ukafika kwenye njaa iliyofuata, msomaji atawatazama wapagazi wale kwa jicho jingine. (Na waliozoea kuviita vita hivyo "uasi" nao walikuwa na lao moyoni.)

Kwa hiyo sikushauri uifiche. "Vijitu" liondoe, kwa kuwa linatueleza habari zako wewe, wala si walichokifanya wao. "Ilisombwa" libaki, maadamu aya inayofuata inaonyesha mizigo ikisombwa kweli. Aya iliyonigusa kupita zote ni ile ya njia ya wapagazi, ambamo hukumlaumu yeyote, ukaeleza jua, kiu na uzito wa mizigo. Hapo ndipo nami nilipokasirika.