Usilipie hema kwanza: Ngorongoro mwezi wa saba baridi inatoka chini

Mkuu, kama hujalipia hicho kikapu cha vifaa vya kambi, kifute. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba mama watoto na watoto watatu wamekushinda kura, mwezi wa saba mnatoka Dar kwenda kulala kambi ya Simba pale ukingoni Ngorongoro, na wewe kambi huitaki ila umekubali yaishe. Umetenga laki tisa za hema la "watu 6", magodoro mawili ya upepo ya elfu 45 kila moja, mabegi matano ya kulalia yaliyoandikwa -10. Halafu unauliza: hema lipi kati ya hayo mawili, jiko gani, taa gani, deli la lita ngapi, na pampu ya godoro iwe ya mguu au ya kuchomeka kwenye gari. Pampu! Watoto wanaenda kutetemeka mpaka asubuhi, na swali ni pampu.

Nami niko kundi lako, nilale wapi zaidi ya chumba chenye kitasa na maji ya moto. Kwa hiyo usidhani hapa natetea mambo ya watu wa misitu. Ila hiyo orodha imekaa vibaya: pesa yote iko juu ya vichwa vyenu, chini ya migongo hakuna kitu.

Kanuni ni moja. Nunua kutoka chini kwenda juu. Kwanza kinachogusa ardhi, pili kinachowafunika, hema la mwisho kabisa.

Piga hesabu mwenyewe. Mwezi wa saba usiku Dar ni nyuzi 19 au 20. Kwa wastani joto linashuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, kwa hiyo toa nyuzi 14 au 15. Unabaki na tano hivi, na hapo hujaweka ukungu wala upepo. Hiyo ndiyo hewa mtakayolala nayo. Ardhi nayo inanyonya joto la mwili usiku kucha, tena kwa kugusana nawe moja kwa moja, na hema haliingilii kati hata likiwa la milioni tatu.

Sasa hilo godoro la upepo. Muuzaji atakuambia "bosi, hili ni nene, inchi tisa, baridi haifiki." Unene wa hewa tupu hauzuii baridi. Kinachozuia ni hewa iliyofungwa kwenye vijitundu vidogo isiweze kutembea, kama ilivyo ndani ya sponji, sufu au manyoya. Ndani ya godoro la upepo kuna chumba kimoja kikubwa. Kila mmoja wenu akigeuka, hewa aliyoipasha kwa mwili inakimbilia pembeni na ile ya baridi inakuja chini ya mgongo wake, aanze kuipasha upya. Ni kulala juu ya friji lililofunikwa shuka.

Na si hilo tu. Godoro mnalijaza saa kumi jioni hewa ikiwa nyuzi 20 na kitu, usiku inashuka hadi tano hivi, hewa inasinyaa, saa nane godoro limelegea na matako yako chini. Hapo kila mtu anaanza kutafuta tundu kwa tochi. Tundu hakuna, ni baridi tu pamoja na plastiki iliyotanuka. Halafu lile la mtu mbili: mzito akigeuka, mwepesi anarushwa. Halafu urefu: hema la kuba kuta zake zimelala, na godoro la sentimita 22 linawapandisha mpaka miguu na mabega yanagusa kitambaa. Watu watano wakipumua usiku mzima wanatoa karibu lita moja ya maji au zaidi, na maji hayo yanatua kama jasho kwenye hicho kitambaa mnachokigusa. Asubuhi mabegi yamelowa miguuni na mnalaumu mvua ambayo haikunyesha.

Wale jamaa wa video za mtandaoni wanaojirusha juu ya godoro la upepo wakicheka, tazama vizuri nyuma yao. Nazi, bahari, mtu yuko kifua wazi. Huko hata mkeka unatosha. Wakikuuzia godoro hilohilo kwa ajili ya Ngorongoro, Lushoto au Naivasha wanakuuzia mafua. Na yule anayeandika "linafaa kwa Kilimanjaro" kwenye kila kitu kuanzia kofia mpaka ndoo, mimi naye tuna kesi ya zamani, tuiache.

Kwa nini begi la kulalia lisiokoe? Kwa sababu begi linapasha kwa unene wake, na upande uliolaliwa umebanwa na uzito wako mpaka umekuwa karatasi. Upande wa juu unafanya kazi, wa chini haupo. Hata vipimo vya mabegi hayo vya kimataifa, ISO 23537, vinafanywa begi likiwa limewekewa mkeka wa kuzuia baridi chini. Toa mkeka, namba iliyoandikwa haina maana tena.

Na namba yenyewe. Begi lililopimwa kweli lina namba tatu: ya kulala kwa raha, ya kikomo, na ya hatari. Ya hatari ndiyo ndogo kuliko zote, na ni ya mtu kutokufa, si ya mtu kulala. Wauzaji wanachukua hiyo hiyo na kuiandika kwa herufi kubwa. Wengine hawapimi chochote, wanachapa -10 kwa sababu inauza. Chukua mzani wa jikoni. Begi la nyuzinyuzi za plastiki la mtu mzima linalofaa kulala kwa raha kwenye sifuri lina uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Ukiona gramu 800 na limeandikwa -10, unachouziwa ni maandishi. Kwa safari yako tafuta lenye namba ya raha ya sifuri mpaka mbili.

Au usinunue kabisa. Arusha na Moshi kuna maduka yanayokodisha mabegi ya wapanda mlima, na mnapita Arusha hata hivyo. Kodi matano kwa hizo siku, kagua zipu moja moja, nusa, mengine usiulize. Ukipendelea mitumba, kwenye masoko ya Karume ya Dar na Memorial ya Moshi hupatikana mazito. Liminye kwenye ngumi uachie: likifura upesi bado lina uhai, likibaki limelala mwache nalo muuzaji. La mtu mzima kwa mtoto ni sawa, ila lifunge kwa kamba chini ya miguu yake, kwa sababu nafasi tupu humo ndani naye ndiye anayeipasha.

Chini sasa, ambako pesa ya kwanza inaenda. Panga hivi:

Turubai juu ya ardhi, dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande. Likitokeza nje linakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu. Hema juu yake. Ndani ya hema tandika vile vipande vya povu vya watoto kuchezea, vya kufungamana kama fumbo, vya sentimita 60 kwa 60. Chukua vyenye unene wa milimita 12 au zaidi. Vipande 16 vinafunika mita 2.4 kwa 2.4. Povu hilo halinywi maji na vijitundu vyake vimefungwa, ndiyo sifa unayoitafuta. Mkeka wa mazoezi wa milimita 6 ni mwembamba mno, usidanganywe na rangi.

Juu ya povu weka sponji. Ndiyo, godoro la kawaida la nyumbani, la inchi tatu au nne, lile la chumba cha wageni. Lizungushie mfuko wa nailoni mzito, maana sponji ikinywa maji safari imeisha. Kama gari haliwezi kubeba magodoro (na kwa watu watano pamoja na mizigo huenda lisiweze), tumia tabaka mbili za povu halafu blanketi zito lililokunjwa mara mbili. Tabaka zinajumlishana: mbili za wastani zinashinda moja ya gharama. Kosa la watu wengi ni kupanga mablanketi yote juu ya mwili. Kwa kila blanketi la juu, weka moja chini.

Magodoro ya upepo kama ulishayalipia na muuzaji hapokei simu, usiyatupe. Ila povu na blanketi vikae JUU ya godoro, kati yake na mwili. Ukiviweka chini yake tu, mtakuwa mmepasha godoro na si mtu.

Kabla ya kulala watoto wabadilishe nguo zote, hata soksi, kwa sababu jasho la mchana ndilo baridi la usiku. Kofia kichwani. Maji ya moto kwenye chupa ya chuma isiyovuja, ndani ya soksi, miguuni.

Na hapa naomba unisome polepole. Watu wakizidiwa na baridi saa tisa usiku hupata wazo la kuingiza jiko la mkaa hemani, "dakika kumi tu". Kaboni monoksaidi haina harufu wala moshi, inalaza watu na hawaamki. Mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu bado unaitoa. Jiko la gesi nalo lisiwake ndani. Hakuna dakika kumi.

Jiko, kwa kuwa umeuliza: mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha jiko juu yake unatosha na unao nyumbani. Epuka vile vikopo virefu vya gramu 220 hivi. Vingi ni butani tupu, ambayo huacha kugeuka gesi karibu na sifuri, na kopo linajipoza lenyewe kadiri linavyotoa gesi. Asubuhi ya nyuzi tano utachemsha chai kwa saa mbili.

Hema, haraka haraka. "Watu 6" maana yake ni watu sita wenye sentimita 60 kila mmoja, wasio na begi wala viatu. Gawanya upana kwa 75, hiyo ndiyo idadi yenu. Ganda la nje lishuke karibu na ardhi pande zote. Lile kofia dogo la juu ni pambo. Kitambaa kihimili maji angalau milimita 1,500 (kimo cha maji kinachoweza kukaa juu yake kabla hakijavuja), sakafu 3,000. Lisimamishe uani wiki mbili kabla na ulimwagie maji ya mpira dakika 20, hasa kwenye mishono. Vile vigingi vya waya vinavyokuja nalo vinapinda kwenye jiwe la kwanza, nunua misumari ya inchi 6. Matundu ya hewa yaachwe wazi hata mkisikia baridi. Chakula kilale kwenye gari, tembo na nyati wanapita kambini hapo.

Ila hema lenyewe unaweza kuazima kwa mtu au kukodi Arusha, usilifie. Kesho nenda kapime sponji, uje useme gari ni gani na bajeti iliyobaki ni kiasi gani.