Ubunifu na biashara ndogo: cheki hela inalala wapi

Mkuu umeuliza kama ubunifu unakuza biashara kweli kwenye nchi kama zetu ama ni maneno ya semina, na kwamba unataka kutengeneza app ya wenye maduka. Mimi nina duka la vifaa vya umeme Iringa, mzigo wangu unatoka Kariakoo, Dar, nakujibu kwa ninachokiishi.

Zamani swichi zikikata dukani huagizi hapo hapo, unasubiri hela ijae ndo safari ya Dar ilipe, maana kuna nauli, gesti, kula, duka umwachie mtu, na hela yote umeifunga kiunoni macho kodo mpaka Ubungo. Huku nyuma wateja wanaulizia breka haipo wanaenda kwa jirani. Hela ipo ila imelala.

Sasa hivi jamaa wa jumla ananitumia picha na bei WhatsApp, namrushia hela kwa simu, mzigo unapanda basi la asubuhi jioni naupokea stendi, hata wa laki mbili naagiza. Faida ya swichi moja ni ile ile, pengine hata imeshuka, lakini mtaji ule ule unazunguka mara nyingi zaidi ndani ya mwezi na hapo ndo duka lilipokulia, nikaweza kumlipa kijana wa kunisaidia.

Na M-Pesa yenyewe, hiyo huduma ya kurusha hela kwa simu, majaribio yake Kenya 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo, wahusika wakaona watu wanatumiana wenyewe kwa wenyewe, wakaifuata njia hiyo ikazinduliwa 2007, huku Bongo ikaingia 2008. Kwangu mimi nafuu kubwa zaidi ilikuja mitandao ya simu ilipoanza kuingiliana 2014, yaani unarusha hela toka mtandao mmoja kwenda mwingine, Voda wakajiunga 2016, maana kabla ya hapo kila muuzaji na laini yake na wewe unatembea na simu mbili tatu.

Ila gharama ndo inaamua. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 wateja wangu kibao walirudi kwenye keshi, ikapunguzwa 30% Septemba mwaka huo huo lakini watu walishaogopa, wengine mpaka leo ukimwambia alipe kwa simu kupitia lipa namba ya duka anakuuliza makato kwanza. Mikopo ya simu nayo inafaa kuziba pengo la siku chache, kuongezea stoki hapana, riba inakula faida kabla mzigo haujaisha.

Kwa hiyo hiyo app yako, kabla hujamlipa mtu wa kuitengeneza, omba ukae dukani kwa mtu wiki nzima, angalia madeni anaandika wapi, bidhaa gani zimekaa shelfuni tangu mwaka jana, hela inakwama kwa nani. Ukishaona, njoo hapa tuendelee, mimi duka langu lipo wazi ukitaka kuanzia kwangu.