Mfundishe teria kurudi kabla hujamwonyesha shimo

Nililala kifudifudi kwenye majani mabichi, sikio ardhini, tangu adhuhuri hadi usiku. Chini yangu mbwa wangu Shaba alikuwa anabweka. Baadaye sauti ikawa inatoka mbali zaidi, kama mtu anayeita kutoka ndani ya mtungi, kisha ikakatika kabisa. Ilikuwa Jumapili ya Novemba, kaskazini mwa Devon, kwenye tuta la udongo na miti ambalo watu wa huku hulifanya ua kati ya shamba na shamba. Nilimwita mpaka koo likakauka. Nilikuwa na koleo nyumbani lakini sikuruhusiwa kulitumia, na sababu yake nitaieleza. Shaba alitoka asubuhi ya pili, mdomo wa chini umechanika, jicho moja limefumba, anatambaa. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi 19.

Mimi ni mtu wa Pangani, kazi yangu huku Uingereza ni kukamua ng'ombe, na teria ninaowafuga, mbwa wadogo wa kuwinda, ni wa kukamata panya kwenye ghala la chakula cha mifugo. Siku hizi ndugu zetu wengi wamehamia vijijini huku kwa kazi za mashamba na za kutunza wazee, na kila baada ya muda kuna anayeniuliza: nimepewa kitoto cha teria, nianzie wapi? Jibu langu ni moja. Mfundishe kurudi. Ushujaa amezaliwa nao, huna haja ya kumwongezea.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue mbwa huyu aliumbwa kwa kazi gani. Jina lenyewe linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi. Wapanda farasi na kundi la mbwa wakubwa walimfukuza mbweha (si bweha wetu wa nyikani, huyu ni mwekundu mwenye mkia mnene), naye akichoka huzama shimoni. Hapo ndipo teria alipoletwa: aingie gizani peke yake, ambweke na kumsumbua mpaka atoke mwenyewe, au akae naye pale pale, ili watu wa juu wafuate sauti na kuchimba. Karibu na kwetu kuna kijiji cha Swimbridge alikokuwa kasisi John Russell, aliyeitwa Jack. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe mwenye mabaka kichwani aitwaye Trump, na uzao ulioanza na mbwa yule ndio unaobeba jina lake mpaka leo. Kasisi alifariki 1883 na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa pale pale kijijini.

Fikiria basi: kwa vizazi na vizazi watu wamechagua mbwa anayeweza kuamua peke yake mahali ambapo bwana wake hamwoni wala hamfikii. Huyo ndiye uliyemweka jikoni kwako. Akizama shimoni na kutokusikia, hakudharau. Anafanya alichozaliwa kufanya. Kwa hiyo sauti yako lazima iwe imeshaingia kichwani mwake miezi mingi kabla hajakutana na harufu ya mnyama.

Mimi natumia filimbi, kwa sababu filimbi haina hasira wala hofu. Sauti ya mtu aliyeogopa mbwa huisikia tofauti. Anza akiwa na wiki nane. Puliza mara mbili, mpe kipande kidogo cha nyama. Fanya hivyo ndani ya nyumba, kisha uani, kisha shambani akiwa kwenye kamba ndefu. Usipulize kamwe kama huna uhakika kwamba atakuja, maana kila mara unapopuliza naye akaendelea na shughuli zake umemfundisha kwamba filimbi ni kelele tu. Na akija amechelewa, hata kama umekasirika vipi, mpokee kwa furaha. Mzee mmoja jirani yangu, aliyefuga teria maisha yake yote, aliniambia nisimwonyeshe panya hata mmoja mpaka meno ya utoto yamekwisha kung'oka na filimbi imekwisha kukaa. Kwa Shaba sikuwa nimemsikiliza. Nilikuwa najivunia ukali wake.

Jambo la pili ni kujifunza kusoma mashimo, na hapa naomba usome polepole.

Shimo la sungura ni dogo, ngumi mbili zinatosha, na nje utakuta vinyesi vya mviringo kama punje. Shimo la mbweha ni refu kwenda juu kuliko upana wake, lina harufu kali inayokaa puani, na mara nyingi nje kuna manyoya ya ndege na mifupa. Shimo la baja (Waingereza humwita badger) ni pana kuliko urefu wake, kama herufi D iliyolazwa chali, na mbele yake kuna rundo kubwa la udongo lililochanganyika na majani makavu, kwa sababu baja hutoa matandiko yake ya zamani na kuingiza mapya. Utaona pia njia iliyokanyagwa vizuri, na vishimo vidogo pembeni anamojisaidia. Baja ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu, uso wake una milia myeupe na myeusi, na kama unavyomjua nyegere, harudi nyuma. Makucha yake ya mbele yametengenezwa kwa kuchimba.

Shimo nililolala juu yake Jumapili ile lilikuwa na dalili zote hizo. Sikujua kuzisoma.

Baja analindwa na sheria ya mwaka 1992. Kumdhuru ni kosa, kuharibu makao yake ni kosa, kumwingiza mbwa ndani ni kosa, na adhabu inafika kifungo cha jela. Hata mbwa wako akiwa amekwama humo, hujipi ruhusa ya kuchimba. Unawasiliana na Natural England, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira, wao ndio wanaotoa leseni. Ndiyo maana koleo langu lilibaki nyumbani. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ingawa usiku ule niliilia.

Kuhusu mbweha, wengi wa kwetu wanadhani ukiishi kijijini huku kila mtu anawinda anavyotaka. Sivyo. Katika England na Wales, tangu tarehe 18 Februari 2005, kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa ni marufuku isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, na Scotland ina sheria zake. Kumtumia teria chini ya ardhi kunaruhusiwa kwa sharti jembamba sana: mbwa mmoja tu, ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi uwe nayo mkononi, na iwe ni kulinda ndege wanaotunzwa kwa ajili ya kupigwa bunduki. Kuku wako hawamo. Kondoo hawamo. Jirani akikuambia, "Lete mbwa wako, mbweha ananimalizia kuku," mwambie afunge banda kabla ya magharibi na azungushe uzio wa umeme. Nimefanya hivyo shambani kwetu na kuku wanalala salama. Binafsi simpeleki mbwa wangu kwa mbweha hata ningeruhusiwa. Nawaheshimu wazee wa huku waliokulia kwenye mbio zile za farasi, kwao ni kumbukumbu za baba na babu, lakini mimi nimeona mbwa akitoka shimoni bila mdomo mzima, na sioni haki ya kumtia mnyama yeyote katika hali ile kwa ajili ya burudani.

Panya na sungura wanaruhusiwa, mradi ardhi ni yako au una ruhusa ya mwenyewe. Kazi ya panya inatosha kumridhisha teria yeyote. Sisi tunaifanya mwishoni mwa majira ya baridi, panya wanapokuwa wamejazana karibu na chakula. Watu wawili wanasogeza mbao na marobota ya majani taratibu, mbwa wawili wanasubiri kila upande, na panya anapochomoka anakamatwa, anatikiswa mara moja, amekufa. Ni haraka kuliko mtego na kuliko sumu. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kushika fimbo na makoleo na kupiga panya huku mbwa wakiwa katikati. Mguu wa mbwa unavunjika kwa pigo moja. Waachie mbwa kazi yao.

Kabla hujaenda shamba la mtu, uliza kama ametega sumu. Uliza mara mbili. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa anayemeza panya aliyekula sumu anaweza kuonekana mzima siku kadhaa, kisha fizi zinapauka, anakohoa, anavuja damu ndani kwa ndani. Dawa yake ni vitamini K1, na inaokoa ikiwahi. Ukishuku, usingoje dalili. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuna na ugonjwa ambao Watanzania wenzangu wameujua kwa jina la homa ya mgunda, ule uliozuka Lindi mwaka 2022 ukaua watu. Unaenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huku upo pia. Mbwa wangu wanachanjwa kila mwaka bila kukosa. Mimi navaa glavu, nafunika kila mchubuko, na sili kitu chochote ghalani hata kama chai imeletwa. Ukipata homa na maumivu ya misuli baada ya kazi ya panya, mwambie daktari wazi kwamba unakamata panya, maana bila hivyo atadhani ni mafua.

Sasa swali ambalo mama aliniuliza kwa simu na ambalo wengi mnaniuliza faraghani: mbwa na sala je? Sisemi kama shehe, nasema ninavyoishi. Aya ya 4 ya Suratul Maida inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim zimemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wangu wanalala kwenye kibanda chao nje, nina nguo za kazi ambazo haziingii chumbani, na mate yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni katika madhehebu yetu ya Shafi. Mama aliposikia hivyo aliniuliza tu kama mbwa wanakula vizuri.

Ukichagua mtoto wa mbwa, waone wazazi wake wakiwa karibu na watu na mbwa wengine. Mkali kwa kila kiumbe usimchukue. Zungusha mikono yako miwili kifuani nyuma ya mabega. Vidole vikikutana kwa mbwa aliyekomaa wa uzao huo, kifua kile kinapita mahali pembamba bila kukwama. Mzoeshe kondoo na kuku mapema, akiwa kwenye kamba, kwa sababu mkulima anayekuta mbwa anashambulia kondoo wake anaweza kumpiga risasi na sheria ikamsimamia.

Na nunua kola ya redio. Si rahisi kwa bei, lakini inakuonyesha mbwa alipo chini ya ardhi na kina chake. Mvue kola nyingine yoyote, maana mizizi huinasa. Mvalishe kila mnapopita karibu na tuta, msitu au ukingo wa mto, hata kama hamwendi kazini. Jumapili ile mimi na Shaba tulikuwa tumetoka kunyoosha miguu tu.