Maswali na Majibu: Roketi Iliyorudi Bila Mapezi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma uhandisi Colorado, Marekani, na nina cheti cha daraja la pili cha urushaji wa roketi zenye nguvu kubwa. Mwezi uliopita nilirusha roketi yangu ya kwanza iliyokusudiwa kuvuka kasi ya sauti. Bomba lake ni la faibaglasi lenye kipenyo cha milimita 54, injini ni ya kundi K, na mapezi yake matatu ni ya plaiwudi ya milimita 3, yaliyobandikwa kwa gundi ya epoksi. Programu ya kompyuta ilitabiri Mach 1.3, yaani mara 1.3 ya kasi ya sauti. Sekunde chache baada ya kuondoka chini ulisikika mlio wa kukatika, roketi ikapinda, na bomba likaokotwa bila hata pezi moja. Je, injini ilikuwa na nguvu kupita kiasi?
Msomaji, Denver

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hasara hiyo. Injini yako haina kosa. Injini za kundi K hutoa msukumo wa jumla kati ya newtoni-sekunde 1,280 na 2,560, na kila herufi katika mpangilio huo ni maradufu ya ile iliyoitangulia. Wako watu waliovuka kasi ya sauti kwa injini za kundi G, zisizozidi newtoni-sekunde 160, kwa sababu roketi zao zilikuwa nyembamba, nyepesi na zilizonyooka. Nguvu hununuliwa dukani kwa yeyote mwenye cheti, lakini umbo linaloweza kuistahimili hulazimu kujengwa kwa mkono, na hapo ndipo roketi nyingi hupotea.

Kabla ya kuyahukumu mapezi, fungua kumbukumbu za altimita. Altimita ya kawaida hukisia mwinuko kwa kupima kanieneo ya hewa inayoingia kupitia matundu madogo ya bomba. Roketi inapokaribia kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hujitokeza juu ya ngozi yake na kupita kwenye matundu hayo, kanieneo huruka ghafla, na chombo kinaweza kudhani kwamba roketi imefika kileleni na imeanza kushuka. Kikilipua baruti ya kutoa mwavuli wakati huo, roketi hufunguka ikiwa katika kasi yake kubwa kuliko zote na kuraruka. Ndiyo maana altimita nzuri huwekewa muda wa kutosikiliza kanieneo mpaka kasi ipungue, au huwa na kipima mchapuko, yaani chombo kinachopima jinsi kasi inavyobadilika, cha kuzihakiki habari za kanieneo. Ikiwa baruti yako haikulipuka hewani na maungio ya bomba hayakuachana, basi turudi kwenye mapezi, na kwa maelezo yako ninaamini hapo ndipo palipo na jibu.

Pezi jembamba linalopita hewani kwa kasi hupinda kidogo, hewa hulisukuma zaidi, ukakamavu wake hulirudisha, nalo hupitiliza upande wa pili. Kwa mwendo wa pole hewa yenyewe huituliza mitikisiko hiyo. Ikivukwa kasi fulani mambo hugeuka, kwa kuwa kila mtikisiko huchota nishati mpya kutoka kwenye hewa na kuwa mkubwa kuliko uliotangulia, kama tanga lililolegezwa kamba linavyopigapiga mpaka likachanika, isipokuwa kwamba kwa pezi mambo yote hayo humalizika kabla mtazamaji hajapepesa jicho. Mlio uliousikia yaelekea ndio uliokuwa mwisho wa kupepea huko.

Jambo ambalo wajenzi wengi hulikosea ni kudhani kwamba pezi linahitaji kuwa imara tu. Plaiwudi ni imara, na ukiliangusha pezi lake sakafuni halivunjiki. Kinachotakiwa hapa ni ukakamavu, yaani kukataa kusokotwa. Unene husaidia sana: kwa kanuni inayotumiwa na wengi, kasi ambayo pezi huanza kupepea hupanda kwa kipeo cha moja na nusu cha unene, kwa hiyo ukilifanya pezi lilelile liwe na unene maradufu, kasi hiyo huongezeka takriban mara 2.8. Lakini pezi nene huongeza ukinzani wa hewa, tena pale ambapo ukinzani unapanda kwa nguvu, kati ya Mach 0.8 na kupita kidogo Mach 1. Kwa hiyo mimi nisingeongeza unene peke yake. Ningefupisha urefu wa pezi kutoka bombani hadi nchani, ningetumia bamba la faibaglasi badala ya plaiwudi, kisha ningelaza kitambaa cha nyuzi za kaboni kuanzia ncha ya pezi moja, kupitia juu ya bomba, hadi ncha ya pezi jirani. Tabaka hilo huliongezea pezi ukakamavu, na pia huimarisha shina, yaani pale pezi linaposhikana na bomba, ambalo katika roketi kama yako hushikwa na gundi ya juujuu tu, kwa kuwa injini imejaza bomba zima na hakuna nafasi ya kulipitisha pezi ndani.

Kumbuka pia kwamba hewa nzito ya chini ndiyo hatari zaidi. Injini inayowaka kwa sekunde mbili huifikisha roketi kwenye kasi yake ya juu ikiwa bado karibu na ardhi. Inayowaka polepole huvuka kasi ya sauti mahali pa juu, penye hewa nyepesi, na mapezi hupata nafuu. Halafu pima upya umbali kati ya kitovu cha uzito na kitovu cha mgandamizo, yaani mahali ambapo nguvu za hewa juu ya roketi huhesabiwa kuwa zimekusanyika. Kadiri roketi inavyozidi kasi ya sauti, mapezi hupoteza sehemu ya nguvu zake na kitovu cha mgandamizo husogea mbele, kwa hiyo uache nafasi ya kama vipenyo viwili vya bomba. Joto usilihofie sana kwa Mach 1.3. Kwa Mach 2 hewa inayosimamishwa kwenye ncha hufika karibu nyuzi 245 za Selsiasi, na hapo gundi ya kawaida haifai tena.

SWALI: Nimetazama roketi za namna hii zikirushwa katika jangwa la Black Rock, Nevada, lakini sikusikia ule mshindo wa kuvuka kasi ya sauti. Je, kweli ziliivuka?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ziliivuka, na ukimya huo una sababu. Mawimbi ya mshtuko husafiri kwa kuelekea mbele na pembeni ya mwendo wa chombo. Roketi inayopanda wima huyatupa juu, mbali na watu waliosimama chini, na mngurumo wa injini hufunika kilichobaki. Kapteni Charles Yeager alipoivuka kasi ya sauti kwa ndege ya Bell X-1 tarehe 14 Oktoba 1947, aliruka kwa usawa, na ndiyo maana mshindo wa ndege huwafikia walio chini. Ushahidi wa roketi hupatikana kwenye kumbukumbu za kipima mchapuko. Huko Black Rock, tarehe 20 Oktoba 2024, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walirusha roketi waliyoiita Aftershock II ikafika kilomita 143 hivi, kwa kasi iliyozidi mara tano ya sauti.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na anataka kuchanganya mwenyewe fueli ya roketi jikoni kwetu. Sitaki kumvunja moyo. Nimwambie nini?
Mzazi, Mombasa

JIBU: Mzazi mwenzangu, mkatalie waziwazi, na umweleze sababu kama mtu mzima. Mchanganyiko wa fueli unaweza kuwaka kwa cheche ndogo au joto la sufuria, na ndani ya bomba lililozibwa unageuka bomu. Hata Marekani, ambako injini zilizotengenezwa kiwandani zinauzwa, aliye chini ya miaka 18 harushi roketi kubwa bila kusimamiwa, na anga huombewa ruhusa kwanza. Kwetu pia roketi za namna hiyo zinahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Usimwachie katazo peke yake. Chupa ya soda, maji kidogo na pampu ya baiskeli, zikirushwa uwanjani chini ya mwalimu wake wa fizikia, zitamfundisha mizani ya roketi kwa vitendo. Mwoneshe pia OpenRocket, programu ya bure iliyoanzishwa na mwanafunzi wa Ufini, Sampo Niskanen, kwa ajili ya tasnifu yake. Humo atachora roketi yake, abadilishe mapezi na aone kitovu cha mgandamizo kikihama. Na ajue kwamba huko Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), wanafunzi wa mradi wa Nakuja wamejenga roketi na kuzirusha wakiwa na wahadhiri wao. Akimaliza mchoro wake wa kwanza, autume kwenye safu hii, nami nitaupitia pezi kwa pezi.