Kitambulisho cha mmachinga hakifungui kila mnada

Mkuu, usipakie huo mzigo kwanza! Umeuliza bei ya kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na bidhaa zinazotoka haraka minadani, yale masoko ya siku maalumu, Dodoma na Singida, halafu ukachomekea kwamba rafiki yako kakuhakikishia kitambulisho cha mjasiriamali, ndicho hicho cha mmachinga, kinatosha kuuzia kote. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyokula mtaji wangu.

Vitambulisho vya elfu ishirini vilipoanza Desemba 2018, vilikuwa vya wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Watu wakasikia "hutasumbuliwa", wakaishia hapo. Lakini kila halmashauri ina sheria ndogo zake za ushuru, na nguvu hiyo inapewa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Ukivuka mpaka wa wilaya, umeingia kwenye utaratibu mwingine.

Mimi nilifika mnadani alfajiri na marobota ya mitumba ya watoto. Getini jamaa kavaa reflekta, kashika kitabu cha stakabadhi, anataka pesa mkononi anipangie sehemu nzuri. Akanichania karatasi yenye muhuri. Nikamwaga mzigo. Watu ndiyo wanaanza kujaa, wakaja watoza ushuru wenyewe na mashine ya POS. Wakaitazama ile karatasi: "Hii si yetu." Marobota yakabebwa hadi ofisi ya kata. Nikalipa ushuru, nikalipa na faini. Nakabidhiwa mzigo jua linazama, mnada umevunjika, robota moja limefunguliwa na nguo kali zote hazimo. Tena ulikuwa mnada wa mwisho wa mwezi, watu wana mishahara mfukoni! Kirikuu kinadai hela ya kurudi, kikoba kinasubiri rejesho.

Yule wa getini ni tapeli, basi. Anayeniuma zaidi ni "mzoefu" wa stendi aliyeniambia nionyeshe kitambulisho tu. Hajawahi kuuza hata leso nje ya wilaya yake!

Kwa hiyo usimwage mzigo kabla hujashika risiti ya mashine ya halmashauri ile ile unayouzia. Siku moja kabla, nenda ofisi yao ya biashara, uliza ushuru wa siku na sehemu ya bidhaa yako. Omba kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, lipa kwa simu, kisha soma risiti: jina la halmashauri, kiasi, tarehe. Wakikwambia mashine haina chaji, subiri ichajiwe. Akitokea wa "nipe nusu, risiti ya nini", funga mzigo uondoke.

Unaanza na wilaya gani? Itaje hapa kabla hujalipia hicho kirikuu.