Kona ya Hesabu za Nyumbani: Hela imehama au imetumika?

Msimu wa korosho ukianza tu maswali nayo yanamiminika, watu wanashika hela ya maana mara moja kwa mwaka na wanataka kujua inaenda wapi. Safari hii nimechagua maswali matano ya wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi wanaotunza hesabu zao kwenye simu au kompyuta.

Habari za kazi dada. Mimi nina mgahawa mdogo hapa Mikindani, mwanangu aliniwekea app ya matumizi kwenye simu toka mwezi wa nne. Nikitoa hela M-Pesa naandika, nikinunua samaki na unga naandika, sasa kila mwisho wa mwezi inaniambia nimetumia karibu mara mbili ya nilichoingiza na mimi sidaiwi na mtu. Kosa liko wapi? – Mama wa mgahawa, Mikindani

Shikamoo mama. Kosa ni moja tu na karibu kila anayeanza analifanya, unaandika hela ileile mara mbili. Tuseme umeenda kwa wakala umetoa laki moja, ada ikakatwa 2,500, alafu ukanunua samaki wa 60,000 na unga na mafuta ya 30,000, umebaki na elfu kumi kwenye mkoba. App yako imeandika matumizi ya laki moja (ile ya kutoa) na tena 90,000 ya sokoni, jumla 190,000, wakati kweli kilichokutoka ni 92,500 tu, yani manunuzi na ile ada. Ile laki wakati unaitoa haikutumika mama, imehama tu kutoka kwenye simu ikaja mkononi.

Kwahiyo fungua mifuko miwili kwenye app, mmoja uite M-Pesa na mwingine uite Mkononi, ukitoa hela usichague matumizi, chagua kuhamisha (app nyingi zimeandika Transfer), ada peke yake ndo uiandike matumizi. Na ile ada uipe fungu lake usiichanganye na mambo mengine, maana ukija kuijumlisha mwisho wa mwezi utaona kama inafaa kutoa kidogokidogo kila siku au mara moja kwa wiki. Meseji za miamala usizifute, ada iko humo humo. Miezi ya nyuma usihangaike kuisahihisha yote, hesabu ulichonacho leo kwenye simu na mkononi, kiweke kama salio la kuanzia, songa mbele.

Dada naomba msaada. Natumia GnuCash, programu ya kutunza hesabu, kwenye laptopu ya kijana wangu. Mwaka jana nilipeleka korosho kilo 1,200 AMCOS (chama chetu cha ushirika), hela ikaingia benki pungufu kuliko hesabu yangu ya bei ya mnada, nikaandika kama ilivyoingia. Pia mwezi wa saba nilichukua 300,000 kwa mtu nikamlipa korosho kilo 200 msimu ulipofika, hiyo niliandika mapato. Na ripoti inanionyesha hasara karibu kila mwezi. Hii programu inafaa kwa mkulima kweli? – Mkulima, Tandahimba

Shikamoo mzee wangu. Inafaa sana tu, ila wewe ndo unatakiwa kuiambia ukweli wote, na hapa kuna mambo matatu.

La kwanza makato. Bei za minada zinabadilika so nachukua namba rahisi kwa mfano, kilo 1,200 kwa 3,000 ni 3,600,000, na tuseme makato yote ya ushuru, chama na usafirishaji ni 200 kwa kilo, yani 240,000, benki itaingia 3,360,000. Ukiandika 3,360,000 peke yake hujadanganya ila umejifichia kitu, mwakani makato yakipanda hutajua, utabaki kulalamika bei ilikuwa mbaya. Bonyeza Split muamala ufunguke, andika mapato ya korosho 3,600,000, kila kato mstari wake kama lilivyo kwenye karatasi ya malipo, alafu benki 3,360,000. Inachukua dakika tano. Na usiandike mapato siku unapopeleka mzigo ghalani, siku hiyo bei hujaijua bado, subiri hela iingie.

La pili ndo linaloniuma. Ile laki tatu ya mwezi wa saba sio mapato mzee wangu, ni deni, na hiyo njia sote tunaifahamu jina lake ni kangomba, serikali imeikataza na watu wanaendelea nayo kwasababu mwezi wa saba ni mgumu, wapulizaji wa salfa (dawa ya mikorosho) wanataka hela yao na shule zinafunguliwa. Sikulaumu hata kidogo. Ila nataka uione kwa namba. Zile kilo 200 ungezipeleka AMCOS kwa mfano wetu uleule ungepata 2,800 kwa kilo baada ya makato, ni 560,000. Umepokea 300,000 umelipa 560,000, yani 260,000 imeondoka kwa miezi minne au mitano. Kwenye programu fungua akaunti chini ya madeni, mwezi wa saba andika keshi imeongezeka 300,000 na deni 300,000. Siku ya kulipa andika mapato ya korosho 560,000, igawe 300,000 imeua deni na 260,000 ni gharama ya mkopo. Iandike hivyohivyo, gharama ya mkopo, usiifiche kwenye jina lingine. Ukishaiona hiyo namba imekaa kwenye ripoti yako mwenyewe, ifike mwezi wa saba mwingine utakwenda kwenye SACCOS au kikoba kuuliza riba yao kwanza, na mara nyingi utakuta ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali.

La tatu hasara ya kila mwezi. Hela ya korosho inaingia miezi michache kuanzia Oktoba, inaliwa mwaka mzima, sasa ukisoma ripoti ya Aprili peke yake lazima uone hasara maana Aprili hamna mnada wa korosho. Ingia kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya kipindi cha hesabu, weka kianze tarehe 1 Oktoba kiishe 30 Septemba, usome mwaka wako wa korosho sio mwaka wa kalenda. Alafu chini ya akaunti ya benki fungua vijiakaunti, chakula, ada ya shule, palizi, salfa na upulizaji, michango ya jando na unyago (hii wengi hawaiweki na ndo inawavuruga, hata ukiwa huna mtoto wa kucheza mwaka huo ndugu wanao). Siku hela inapoingia igawe humo. Benki hela inabaki palepale kwenye akaunti moja, kwako wewe ndo inaonekana ina mafungu, na ukilinganisha na taarifa ya benki weka tiki kwenye kujumuisha akaunti ndogo, ukisahau hiyo tiki salio halitalingana utaumiza kichwa bure.

Mambo vipi dada. Mwalimu hapa Nachingwea, niko kwenye kikoba, kila wiki natoa 10,000 ya hisa na 1,000 ya mfuko wa jamii. Naziweka matumizi zote, niko sawa? – Mwalimu, Nachingwea

Nusu uko sawa mwalimu. Elfu moja ya jamii ni matumizi, ikienda kwa mfiwa hairudi kwako. Elfu kumi ya hisa ni mali yako, iko kwenye kasha lenye kufuli tatu badala ya kuwa mfukoni kwako, imehama tu kama hela ya mama wa Mikindani pale juu. Fungua akaunti ya Hisa za Kikoba upande wa mali. Siku ya kuvunja kikoba ukipewa zaidi ya ulichoweka, ile zaidi ndo mapato, sio yote. Ukikopa huko, mkopo ni deni na riba peke yake ni matumizi, marejesho ya mkopo wenyewe sio.

Kuna akaunti inaitwa Imbalance-TZS imejitokeza yenyewe kwenye GnuCash, sikuifungua mimi. Ni virusi? – Bodaboda, Masasi

Sio virusi kaka. Programu hii inataka kila shilingi iwe na ilikotoka na ilikoenda, ukiandika umelipa mafuta 15,000 bila kusema yametoka mfuko gani inaiweka hapo mpaka uje useme. Ifungue, muamala mmoja mmoja upeleke panapostahili. Ikifika sifuri umemaliza.

Dada hujambo. Umeme ulikatika nikiwa naandika hesabu za duka, kuwasha tena GnuCash inaniambia faili limefungwa huenda mtu mwingine analitumia, na niko peke yangu. Alafu kwenye foda naona mafaili mengi yenye tarehe kwenye jina, yanajaza kompyuta, niyafute? – Mwenye duka, Lindi mjini

Sijambo kaka. Programu ikifungua faili inaweka kifaili cha kufuli pembeni ili watu wawili wasiandike kwa pamoja, umeme ulivyokatika haikupata nafasi ya kukitoa. Kama una uhakika haijafunguka kwingine kwenye hiyo kompyuta, bonyeza Open Anyway, ila angalia miamala ya mwisho kama ipo, ulichokuwa hujasevu hakitakuwepo.

Yale mafaili usiyafute. Kila unaposevu programu inatunza nakala ya zamani kwa tarehe na saa, na yenyewe inazifuta baada ya siku 30 kama hujabadilisha mpangilio, na ni madogo, hayajazi kompyuta, kinachojaza ni video. Siku faili kubwa (lile unalofungua kila siku) likiharibika unafungua la juzi unaendelea. Ila zote ziko foda moja kwenye kompyuta moja, ikiibiwa au ikiingia maji ya mvua za masika zimekwenda zote pamoja na majina ya wanaokudai na unaowadai. Kwahiyo kila Ijumaa ukifunga duka nakili lile faili kubwa kwenye flashi, na hiyo flashi usiiache dukani, nenda nayo nyumbani.